Miungu ya Bloodborne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tahadhari kwanza: ukurasa huu unafichua kila kitu, pamoja na miisho yote mitatu na nyongeza ya The Old Hunters. Kama bado unacheza na hutaki kuharibiwa uhondo, funga, kamalize, kisha urudi.

Hii si gemu ya mambwamwitu? Miungu imeingiaje?

Saa za mwanzo ni gemu ya mambwamwitu kweli. Mji wa Yharnam unasifika kwa tiba ya damu, wagonjwa wanatoka mbali kuja kutibiwa, na wewe ni mmoja wao. Unazinduka zahanati, na huko nje wenyeji wanazurura na mienge wakiwasaka watu waliogeuka wanyama, ilhali wao wenyewe wameshaanza kuota manyoya. Unapigana na mashetani ya kawaida, ya meno na kucha. Kisha, kama katikati ya safari, unamuua buibui mmoja mkubwa ndani ya ziwa, mwezi unashuka mwekundu, na unapopita tena Mtaa wa Kanisa Kuu unaona viumbe vya mikono mingi vimekumbatia majengo ambayo umekuwa ukipita chini yake tangu mwanzo. Havikuja usiku ule. Vilikuwepo siku zote, ila hukuwa na macho ya kuviona.

FromSoftware ya Japani, chini ya Hidetaka Miyazaki, waliitoa Machi 2015 kwa PS4, na nyongeza ikafuata Novemba mwaka huohuo. Kuna watu wanaicheza hadi leo, na nusu ya ubishi wao unahusu hao viumbe juu ya majengo.

Wakuu ni miungu kweli?

Wanaabudiwa, kwa hiyo kwa kipimo hicho ni miungu. Lakini ukitafuta mungu aliyeumba dunia, anayetoa amri na kuahidi pepo au moto, humpati humu. Wakuu ni viumbe wa daraja lililo juu ya binadamu, wenye uwezo wa kufinyanga ndoto na majinamizi yakawa mahali pa kuishi. Wengine wana mwili, mmoja hana kabisa. Na wanakufa. Mmoja wao utamkuta ufukweni akiwa mzoga.

Jambo ambalo wachezaji wengi hulipita bila kulisoma ni maelezo ya alama ya Mwezi, zile alama zinazochorwa akilini kukuongezea nguvu. Yanasema Wakuu wanaokaa kwenye jinamizi wana huruma, na aghalabu huitika wakiitwa. Huruma! Baada ya yote uliyoyapitia. Mimi naamini maandishi hayo yanasema kweli, na sehemu kubwa ya majibu yaliyobaki hapa inasimama juu ya imani hiyo: Wakuu hawana kinyongo na watu. Balaa la Yharnam limeletwa na wasomi na makasisi waliotaka kupanda ngazi wasiyoijua, na miungu wakaitika.

Kwa nini kila hadithi inaishia kwa mtoto?

Kwa sababu hilo ndilo jeraha lao. Katika gemu kuna kitu kinachoitwa Theluthi ya Kitovu. Vipo vinne, na kila kimoja kina maelezo yake, lakini vitatu kati yavyo vinabeba sentensi moja ile ile: kila Mkuu humpoteza mtoto wake, kisha hutamani mbadala. Hiyo ndiyo sheria pekee ya dini yote ya Bloodborne. Ukiishika, mambo mengi yaliyokuwa fumbo yanaanza kufunguka.

Ona jinsi inavyofanya kazi. Malkia wa kale anabeba mimba ya Mkuu, mtoto hakai. Kahaba wa mjini anabeba mimba asiyoijua ilikotoka. Daktari mmoja bandia anaanza kichefuchefu, anahisi vitu vinatambaa kichwani, na anafurahi, maana anadhani ameteuliwa. Ufukweni kuna mama aliyekufa na mwanawe akiwa bado tumboni. Kanisa la Uponyaji, lile linalogawa damu mjini, nalo lina kituo cha mayatima ambamo watoto walifanyiwa majaribio mpaka wakawa viumbe vyenye vichwa vilivyovimba na ngozi ya buluu. Yaani miungu inalilia watoto, na watu wanawatumia watoto kama chambo cha miungu. Nani mkatili hapo?

Kuhusu vitovu vyenyewe: kwetu kitovu cha mtoto huzikwa, na mtu mzima hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake akimaanisha kwao. Humu kitovu kinaliwa. Nadhani ndiyo maana wachezaji wa huku hushtuka zaidi kwenye hatua hiyo kuliko kwenye mabosi wote.

Vitovu vinne viko wapi, na nitumie vingapi?

Kimoja kiko kwenye karakana ya zamani iliyotelekezwa, chini ya mnara wa Kanisa. Cha pili unakipata ukimshinda Yaya wa Mergo, mlezi wa mtoto mchanga tutakayemfikia. Cha tatu ni kwa mtoto wa Arianna, yule kahaba, mradi ulimpeleka kanisani kwa Oedon mapema na akawa hai mpaka mwezi ulipogeuka mwekundu. Cha nne ni kwa yule daktari bandia wa zahanati ya Iosefka, na hapo subira inahitajika: ukimuua kabla ya mwezi mwekundu hupati kitu.

Meza vitatu kabla hujazungumza mwishoni na Gehrman, mwindaji mzee wa kwenye kiti cha magurudumu. Kuwa navyo mfukoni hakutoshi.

Oedon ni yupi? Mbona sijawahi kumwona?

Hutamwona. Oedon hana umbo. Maelezo yanasema yupo kwa sauti tu. Kanisa unalolifanya kimbilio la manusura limepewa jina lake, damu inayochuruzika inatajwa kuwa ndiyo kiini chake, na waumini wake wanaitafuta damu hiyo bila hata kujua wanamtumikia nani. Fikiria ujanja wake: mji mzima unajidunga damu kila siku. Kuna haja gani ya mwili?

Maelezo ya kitovu cha Arianna yanamtaja waziwazi, kwamba naye pia ni kama Wakuu wengine, anatamani mtoto, na kwamba damu iliyoharibika ndiyo iliyofungua mlango wa uhusiano huo. Hivyo suala la nani alimpa Arianna mimba halina ubishi mwingi. Binti huyu ndiye mtu mwungwana kuliko wote katika kimbilio lile, anakupa damu yake bila masharti, halafu unamkuta chini ya kanisa analia mbele ya kitu alichokizaa. Gemu hii haina adabu.

Mergo ni mtoto wa nani?

Mama yake ni Malkia Yharnam, ambaye mji umerithi jina lake. Alikuwa malkia wa Wapthumeru, watu wa kale walioishi kwenye mahandaki ya makaburi chini ya mji. Mwanzoni walikuwa walinzi wanyenyekevu wa Wakuu waliolala. Ni vizazi vya baadaye vilivyojiona vina haki ya kujiwekea mtawala. Kuhusu baba, mashabiki wengi wanasema Oedon, nami nakubaliana nao, kwa kuwa ndiye Mkuu pekee tunayemjua kwa tabia hiyo.

Malkia utamwona baada ya kumuua Rom, yule buibui wa ziwani: mwanamke wa gauni jeupe, mikono imefungwa, tumbo limelowa damu, analia akitazama mwezi. Sauti ya mtoto mchanga inayokufuata ndani ya Jinamizi la Mensis (Mensis ni shule ya wasomi, tutaifikia) ndiyo ya Mergo. Anayemlinda ni Yaya, joho jeusi lisilo na uso, mikono mingi yenye visu, na wakati wa pambano unasikia wimbo wa kubembeleza. Ni wimbo ule ule wa kisanduku cha muziki ulichopewa na binti mdogo wa mwindaji Gascoigne mwanzoni kabisa. Ukishinda, kilio kinakatika. Ukirudi alipokuwa amesimama malkia, anakuinamia kwa heshima, kisha anatoweka.

Kwa hiyo ndiyo, kazi uliyotumwa usiku kucha ilikuwa kumnyamazisha mtoto mchanga.

Rom alikuwa mwovu?

Hapana, na ukimtazama vizuri hakushambulii mpaka umuanze. Rom alikuwa binadamu aliyepewa macho na Kos, yule Mkuu aliyekufa ufukweni, akainuliwa, na katika kuinuliwa akabaki mtupu wa akili. Yuko ndani ya ziwa la chuo cha Byrgenwerth akificha ibada ya Mensis isionekane. Yaani alikuwa pazia. Wewe umelichana, na baadaye ukashangaa mji umejaa mashetani.

Macho ndani ya ubongo ni nini?

Hapa lazima tuingie kwenye ugomvi wa mwalimu na mwanafunzi, maana ndio ulioleta yote.

Byrgenwerth kilikuwa chuo. Wasomi wake walichimba makaburi ya Wapthumeru wakatoka na kitu kitakatifu kilichohusiana na damu ya kale. Mwalimu mkuu, Willem, aliona njia ya kuwafikia Wakuu ni ya akili: binadamu aote macho kwa ndani, aone wanachoona wao. Damu aliihofia, na onyo lake, "iogope damu ya kale", likawa hata neno la siri la kufungulia lango la msituni. Mwanafunzi wake Laurence alikariri onyo hilo mbele yake, akatoka, akaanzisha Kanisa la Uponyaji na kuigawa damu mji mzima. Matokeo unayajua, una shoka mkononi.

Watu humtetea Willem kana kwamba alikuwa mwenye hekima wa hadithi hii. Simwoni hivyo. Kitovu cha yule daktari bandia kinasema Willem naye alikisaka ili ajae macho ubongoni, na ni chuo chake kilichotuma watu kule kijiji cha wavuvi, ambako tutafika. Tofauti yake na Laurence ni ya dawa tu, ugonjwa ni mmoja.

Wa tatu ni Micolash na shule yake ya Mensis, wale wenye vizimba vichwani. Wao waliomba macho kwa sauti, na kwa kitovu cha Mergo wakapata wasaa na Mkuu. Miili yao utaikuta kwenye mtaa wa Yahar'gul imekauka vitini. Ubongo mkubwa walioupata kutoka jinamizini ulikuwa na macho kweli, maelezo yanakiri, ila macho ya shari, na ubongo wenyewe ulikuwa umeoza. Mtaka yote hukosa yote, na Mensis walipewa yote kwanza. Ukiuangusha ubongo ule kutoka mnarani, shuka kausimamie mbele, ufanye ishara ya Kuwasiliana, usiguse kontrola, usubiri. Utapewa alama ya Mwezi, ile yenye maneno ya huruma. Hata ukiwa umeoza, uliitwa ukaitika.

Na ile namba ya umaizi pembeni inahusiana na haya?

Ndiyo, ndiyo macho yenyewe kwa kipimo cha mchezaji. Ukiwa na umaizi mmoja, mwanasesere wa Ndoto ya Mwindaji, mahali unaporudi kati ya safari, anaamka na kuzungumza. Ukifika 40 unaziona Amygdala, vile viumbe vya juu ya majengo, bila hata kumuua Rom. Kadiri unavyopanda ndivyo kinga yako dhidi ya kichaa inavyoshuka. Mafunzo yote ya Willem yamewekwa ndani ya tarakimu moja, na huo ni ufundi ninaouheshimu kuliko mapambano.

Nimenyakuliwa na mkono usioonekana nikafa papo hapo. Nini kile?

Amygdala. Rudi ukiwa na lile jiwe la tonsili, naye badala ya kukuua atakusafirisha mpaka Jengo la Mihadhara. Ziko nyingi mjini; moja ni bosi kwenye mpaka wa jinamizi. Patches, tapeli aliyegeuka buibui mwenye kichwa cha mtu, anaziabudu na kukuombea rehema kwa kejeli. Sioni kina kikubwa zaidi hapo.

Ebrietas anafanya nini peke yake kule chini?

Anaomboleza, kwa ninavyomsoma. Anaitwa Binti wa Ulimwengu, Mkuu aliyeachwa nyuma na wenziwe. Kwaya, tabaka la juu la Kanisa lililozaliwa katika kile kituo cha mayatima, walimpata kupitia kikombe cha Isz, kimoja cha vikombe vitakatifu vya kufungulia mahandaki, wakamfanya chanzo chao cha maarifa. Unamkuta amekupa mgongo, amepiga magoti mbele ya altare yenye mzoga wa kiumbe mfano wa Rom. Kama Rom, hakugusi mpaka umpige. Si lazima kupigana naye ili umalize gemu, na kuna wachezaji wanaomwacha kwa makusudi.

Usiidharau altare ile baada ya pambano. Kama Alfred, mwindaji mwenzako, amemwua Malkia Annalise wa ngome ya Cainhurst, chukua mabaki ya nyama yake uyapeleke pale, naye atarudi kuwa hai. Ni miongoni mwa miujiza michache ya gemu nzima isiyomdhuru mtu.

Kos alikufaje, na kwa nini wawindaji wote wamelaaniwa?

Namna alivyokufa haielezwi. Kinachoelezwa ni kilichofuata, na ndicho kitovu cha The Old Hunters. Mzoga wa Kos ulitupwa na bahari kwenye kijiji cha wavuvi. Wanakijiji walimpokea, wakabadilika, wakawa na magamba na vimelea vyake. Habari zikafika Byrgenwerth. Wawindaji wa kwanza wakatumwa, Gehrman akiwemo, pamoja na mwanafunzi wake Bibi Maria.

Walichokifanya kipo ndani ya kitu kimoja unachokiokota, fuvu la mwanakijiji. Maelezo yanasema lilipekuliwa kwa nguvu kutafuta macho, na alama za mikwaruzo hazihesabiki. Waliwapasua wavuvi vichwa kwa ajili ya utafiti. Kisha wakamgeukia marehemu Kos na kilichokuwa tumboni mwake. Maria alishindwa kuvumilia, akaitupa kisimani silaha yake aliyoipenda, Rakuyo, na unapomkuta kwenye mnara wa saa analinda njia isijulikane: maiti, anakwambia, iachwe ipumzike.

Laana iliyotamkwa pale iliwashika wauaji, watoto wao na watoto wa watoto wao. Jinamizi la Mwindaji, ambamo kila mwindaji aliyelewa damu huishia, ndilo deni hilo. Yatima wa Kos ndiye bosi wa mwisho, anatoka tumboni mwa mama akiwa na sura ya kizee, na kabla hajakurukia anautazama mwezi. Wengi husema ni bosi mgumu kuliko wote. Mimi huona ugumu wake ni haki yake. Ukimaliza, kivuli cheusi kinabaki karibu na mzoga. Kipige, ndipo jinamizi linakwisha.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha hadithi yote. Kila mji ulioungua baadaye ulianzia kwenye ufuo huu.

Kiumbe wa Mwezi ni rafiki au adui?

Ni mwajiri. Laurence na wenziwe walimwita, ikaandikwa hivyo kwenye karatasi ndani ya Jengo la Mihadhara, pamoja na neno Paleblood, yaani damu iliyopauka. Kitovu cha karakana kinaongeza kwamba kukutana naye ndiko kulikozaa Ndoto ya Mwindaji. Bila yeye ungekufa mara moja tu na hadithi ingeishia barabarani. Mwanasesere anapokuombea dua humtaja Flora wa mwezi na wa ndoto, na kwa kawaida jina hilo huhesabiwa kuwa lake.

Miisho mitatu inamwonyesha kwa pande tatu. Ukikubali Gehrman akukate kichwa, unazinduka asubuhi na yeye hubaki kifungoni. Ukikataa ukamshinda, Kiumbe anashuka, anakukumbatia taratibu, na wewe ndiye unayekalia kile kiti cha magurudumu. Tazama vizuri kumbatio hilo: ni la mzazi aliyepata mbadala, sawasawa na sentensi ya vitovu. Ukikataa huku umekwisha kumeza vitovu vitatu, anakukumbatia, anahisi kitu, anakusukuma mbali. Hapo ndipo pambano linapoanza.

Kwenye mwisho wa tatu mimi ndiye nimekuwa mungu?

Ndiyo, Mkuu mchanga, kinyama kidogo kama ngisi kinachookotwa na mwanasesere. Umefanikiwa walikoshindwa Willem, Laurence, Micolash na Kwaya nzima, na hukuwa na nadharia yoyote. Wapo wanaouona kuwa mwisho wa heri kwa ubinadamu. Mimi nauliza tu: sheria ilisema kila Mkuu humpoteza mtoto wake. Wewe nawe sasa ni Mkuu.

Mbona haya hayasemwi waziwazi ndani ya gemu?

Ni mtindo wa Miyazaki. Amewahi kusimulia kwamba utotoni alisoma vitabu vilivyomzidi umri, na sehemu asizozielewa akazijaza kwa kubuni mwenyewe. Gemu zake zinakuachia mianya ya namna hiyo. Pia anadaiwa sana na hofu ya anga ya H. P. Lovecraft, japo hawa wa Yharnam wana uchungu wa uzazi ambao sijauona sana upande ule.

Nikitaka kuanza kusoma mwenyewe, nianzie kwenye maelezo yapi?

Vitovu vinne kwanza, vyote, maana kila kimoja kinaongeza kitu. Halafu alama za Caryll, zile zinazochorwa akilini, hasa ya Mwezi na ya Oedon. Vikombe vya Pthumeru na Isz. Funguo ya kituo cha mayatima. Mwisho, ukiwa na nyongeza, lile fuvu la mvuvi na Rakuyo. Maelezo ya silaha nyingine na mavazi yanaweza kusubiri. Yale ya Cainhurst yana ukurasa wake.